Jeshi Lisilo na Vichwa

Siku ile chumbani tulikuwa watu sita. Mimi; mdogo wangu Mumbua, aliyekuwa na miaka kumi na ubishi wa mtu wa arobaini; Kioko, kitinda mimba wetu, ambaye bado alikuwa akivaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto; Ayeyo Habiba, mwenye nyumba; mjukuu wake Deka, rafiki wa Mumbua; na Mjomba Musyoka, kaka yake marehemu mama, aliyeshuka basi la Mwingi asubuhi akiwa na mfuko mkubwa mtupu wa kutilia nguo zetu. Mezani kulikuwa na wengine thelathini na saba, warefu kama kidole changu cha mwisho. Thelathini na sita kati yao hawakuwa na vichwa. Vichwa nilivikata mimi.

Haya yote hunirudia kila jirani anapochoma takataka. Hapa Waberi, mjini Garissa, ninapoishi sasa, watu huchoma alasiri, mifuko na chupa na kandambili zilizokatika, na moshi ule mweusi huingia ndani hata ukifunga dirisha. Wengine hukumbushwa utoto wao na harufu ya mkate au ya mvua. Mimi nimepewa plastiki.

Mama alikuwa akimfulia nguo mhandisi mmoja wa visima, mgeni kutoka ng'ambo. Jumamosi alikuwa akienda na Mumbua. Mama akifua uani, Mumbua aliketi mezani kwa yule mtu akimtazama akiunganisha askari wadogo wa plastiki na kuwapaka rangi. Walikuwa watu wa hadithi za kale za Wagiriki: askari wenye ngao za duara na mikuki, watu nusu farasi, jitu la jicho moja, mbwa mwenye vichwa vitatu, na mwanamke ambaye nywele zake ni nyoka, ukimtazama usoni unageuka jiwe. Injinia alimfundisha pia kuwapiganisha. Unapima hatua zao kwa tepu ya fundi, unarusha dadu, unafungua kitabu cha kanuni, huyu anakufa, huyu anapona.

Mkataba wake ulipokwisha alimpa Mama sanduku zima. Askari wengi walikuwa bado hawajaunganishwa, mkono huku, mguu kule, wameshikana kwenye fremu zao kama vipande vya samaki kwenye kijiti. Mama alilibeba kichwani kutoka Waberi hadi kwetu Iftin. Ndilo lililokuwa la mwisho kutubebea. Aliugua wiki chache baadaye, na hakuinuka. Baba alikuwa ametangulia zamani.

Niliacha shule darasa la saba, nikawa nakaanga mahamri asubuhi na kuyauza langoni. Ayeyo Habiba alituachia chumba tulichokuwa tumekipanga kwake, na akatuachia bila maneno mengi. Kwa Wasomali ayeyo ni bibi, na kwao bibi na mjukuu huitana jina lile lile, kwa hiyo sisi tulimwita Ayeyo, naye akatuita ayeyo. Mwanzoni nilidhani amesahau majina yetu.

Jambo moja tu lilikuwa likinikosesha usingizi. Siku ya mazishi Mjomba alisema mbele ya watu kwamba atakuja muhula ukifungwa, aone tunavyoishi. Akiona hatuwezi, Kioko ataenda kwa shangazi Kitui, Mumbua atakwenda kwake Mwingi, na mimi nitapelekwa kwa mama mmoja wa kanisani aliyekuwa akitafuta msichana wa kazi. Alisema kwa upole, kama mtu anayegawa mbegu. Tangu siku hiyo nikawa nasugua. Nilisugua sufuria, nilisugua sakafu, nilimsugua Kioko. Nilitaka Mjomba akija asipate mahali pa kuweka kidole.

Na katika nyumba hiyo ninayoisugua, mdogo wangu akawa anajenga jeshi.

Nieleze basi, yatima wanahitaji jeshi la nini? Nilikuta rangi ya kijani ya mabati kwenye mwiko wa ugali. Rangi ya kucha ya marehemu mama, vichupa viwili nilivyovificha kama dhahabu, ilikuwa imegeuka kuwa majoho mekundu. Kitana changu kilipoteza meno sita, yakawa mikuki. Tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, aliiomba kwa jamaa wa kuandika mabango, nayo alikuwa akiimwaga kwenye kifuniko cha chupa na kuoshea humo brashi alizojitengenezea mwenyewe kwa nywele za mkia wa ngamia, alizoletewa na Deka kutoka soko la mifugo, zikafungwa kwenye njiti za kiberiti. Chumba kizima kilinuka kama gereji.

"Mumbua, hayo ni maji ya kunywa."

"Nimechukua kikombe kimoja tu, Dada."

"Kikombe kipi?"

Akakificha nyuma ya mgongo, kwa hiyo nikajua ni changu.

Siku moja aliwaanika askari juu ya bati saa sita mchana ili rangi ikauke upesi. Jua la Garissa haliulizwi. Aliporudi kuwachukua, mikuki yote ilikuwa imelegea kama tambi. Nikasema moyoni, afadhali, sasa ataacha. Akaja taratibu na chano chake, akaichovya mikuki mmoja mmoja kwenye chai yangu ya moto, akawa anainyoosha kwa vidole huku anaipuliza. Nilikunywa chai ile. Sukari ilikuwa haba, singeimwaga.

Deka naye alikuwa mshauri wa vita.

"Huyu nusu mtu nusu farasi," alisema, "hapa Garissa atakunywa maji mara ngapi? Mfanye ngamia."

"Kitabu kinasema farasi."

"Kitabu hakijawahi kuja Garissa, wallahi. Atakufa kabla vita haijaanza."

Wakabishana siku mbili. Mwishowe wote wanne walipewa nundu ya udongo wa mtoni na rangi ya mchanga, na Deka akasema sasa angalau hao watafika Wajir.

Nilipomwambia Mumbua aache, aliniambia jeshi lisilopakwa rangi haliingii mezani, hiyo ni kanuni ya Injinia, na lazima liwe tayari kabla shule hazijafungwa.

"Linaingia meza gani?"

"Utaona."

Hilo "utaona" nusura nimpige nalo.

Lakini lililonitia hofu hasa lilikuwa Ayeyo. Kabla ya jeshi, kila siku baada ya sala ya alasiri alikuja kukaa kwetu. Nyumba yake ilijaa wajukuu wanaopiga kelele. Kwetu alipata mkeka na kimya. Alileta maziwa ya ngamia, tukanywa chai, akamchezea Kioko masikio. Mumbua alipoanza kupanga askari wake rafuni, Ayeyo akaacha kuingia. Alisimama mlangoni, akaziba pua kwa shungi lake, akaitazama rafu, akanong'ona maneno ya Kiarabu, akaweka maziwa kizingitini na kuondoka. Siku ya kwanza nilidhani ana haraka. Siku ya nne sikudhani tena.

Nilimuuliza Deka. Deka hakujua, lakini alinipa alichokuwa nacho: mwalimu wao wa dugsi, pale wanaposoma Kurani, alisema malaika hawaingii nyumba yenye sanamu.

"Na mtu akishakuwa na sanamu anafanyaje?"

Deka alifikiri. "Alisema isiyo na kichwa si sanamu. Ni kama mti tu."

Mimi ni mtoto wa kanisa. Mambo ya dugsi sikuyajua, na nilichokijua ni kwamba Ayeyo akituchoka hatuna chumba, na tusipokuwa na chumba Mjomba hahitaji hata kuketi. Ningeweza kumuuliza Ayeyo mwenyewe. Alikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni petu. Wazo hilo halikunijia hata kidogo. Nilimwona kama mtu anayenipa nafasi ya kujirekebisha bila kuaibishwa, na nikajiona nimekomaa kwa kulielewa hilo.

Ijumaa, kesho yake Mjomba anafika, Mumbua akiwa shuleni, nilichukua wembe. Nilianza na askari wa miguu, thelathini. Shingo zao zilikuwa nyembamba, zilikatika kwa sauti kama ya kuvunja ukucha. Nikawafuata watu wa ngamia, nikalifuata jitu. Mbwa alinichosha, kichwa cha kati kilikuwa kimejibana. Mwanamke wa nyoka sikumgusa. Nyoka nawaogopa hata wa plastiki, na Mumbua alikuwa amewapaka macho ya njano. Nilimfunika kwa kikombe.

Vichwa nilivitia kwenye jiko la makaa. Nilijua nikiviacha, Mumbua atavirudisha kwa gundi kabla sijamaliza kufagia. Vililia chwiii, vikashikana, moshi mweusi ukapanda hadi dari.

Ayeyo alikuja mbio, mkono kifuani, akikohoa hadi machozi.

"Nani anachoma blastiki? Mnataka kuniua?"

"Ni mimi, Ayeyo. Nimeondoa vichwa. Si sanamu tena. Sasa unaweza kuingia."

Alitazama jiko, akatazama rafu, akanitazama mimi na wembe wangu.

"Nani alikwambia mimi sikuingia kwa sababu ya hiyo?"

"Ulikuwa unaziba pua. Ulikuwa unasoma dua mlangoni."

"Naziba bua kwa sababu ya dawa ya rangi. Inafunga kifua yangu. Nasoma dua kwa sababu kifua inauma." Akaketi kizingitini apate pumzi. "Hiyo ni kitu ya kuchezea mtoto. Mtoto ana ruhusa. Hata mimi nikichunga mbuzi nilikuwa na mtoto ya nguo, nambeba mgongoni. Ayeyo, wewe una mdomo. Mbona hukuniuliza?"

Na mimi nina swali langu, na sijaacha kukasirika nalo: yeye pia alikuwa na mdomo. Angesema "kifua." Neno moja tu, na mimi ningebeba rangi zote nje, na watu thelathini na sita wangebaki na nyuso zao. Tuliishi pamoja tukiheshimiana kiasi kwamba hakuna aliyemwambia mwenzake kitu.

Mumbua aliporudi hakulia. Ningependa angelia. Aliweka mkoba, akawasimamisha wote mezani kwa mistari, akawahesabu, akainua kikombe.

"Huyu hukumkata."

"Nyoka," nilisema.

"Kwenye kitabu, Dada, huyu ndiye anayekatwa kichwa. Ndiye peke yake. Umewakata wote ukamwacha yeye."

Nikamwambia nilifanya kwa ajili yetu, ili tubaki. Akanitazama kama vile sasa ndiyo nimesema jambo la kusikitisha.

"Na mimi nilikuwa najenga la nini? La kumpiga Mjomba mezani. Akishindwa, tunabaki."

Nilicheka. Kisha nikaona uso wake, nikakaa chini. Miezi mitatu nilikuwa nikisugua sufuria na yeye akipaka askari, kila mmoja akimwona mwenzake mpumbavu, na sote tukimngoja mtu yule yule.

Jumamosi Mjomba alikagua kama daktari wa mifugo. Alifungua debe la unga. Alinusa mtungi. Alimwambia Kioko aonyeshe nyayo, akatafuta funza, hakupata. Akabonyeza godoro. Ayeyo alikuwa ameketi mkekani, mara ya kwanza baada ya majuma mengi, kwa sababu nilikuwa nimetoa rangi zote nje na kuacha mlango wazi tangu alfajiri. Kisha Mjomba akafika mezani.

"Hawa wamefanya nini?"

Wembe ulikuwa bado uko dirishani. Nilijua Mumbua akisema ukweli, Mjomba ataona nyumba ya wasichana wasio na mkubwa, wanaokatiana vitu. Mfuko wake ulikuwa umekwisha kufunguliwa mdomo. Na Mumbua alikuwa na haki ya kusema.

"Ni jeshi maalum, Mjomba," alisema. "Hawana macho."

"Litapigana vipi?"

"Kaa nikuonyeshe."

Mjomba Musyoka alikuwa bingwa wa drafti ya vifuniko vya soda pale stendi ya Mwingi. Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa "kaa" mbele ya meza akabaki amesimama. Alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa.

"Tunachezea nini?" akauliza akitabasamu.

"Ukinishinda, tunafunga nguo. Nikikushinda, tunabaki hapa na Dada."

"Sawa," alisema, vile watu wazima wanavyowaambia watoto sawa.

Ayeyo aliacha kuhesabu tasbihi. "Umesema sawa?"

"Nimesema sawa, mama."

"Haya. Mimi nasikia."

Mumbua alimpa mgeni vitu vizuri: jitu, mbwa, watu wanne wa ngamia, na yule mwanamke wa nyoka. Yeye akabaki na askari wake wa miguu. Mjomba alishika dadu, na kwa nusu saa akasahau kabisa kilichomleta. Aliwaua kumi na watano. Kila akirusha sita alijipiga paja. Deka alikuwa upande wetu, lakini hakuweza kujizuia kusifu mwendo wa ngamia. Mimi nilisimama nyuma nikipiga hesabu ya nguo zipi ziingie mfukoni kwanza.

Kisha Mjomba akamsogeza mwanamke wa nyoka mbele ya safu ya mwisho. "Haya. Mawe hao. Wote."

"Hawana macho, Mjomba," alisema Mumbua. "Hawawezi kumwona."

"Huu ni wizi."

"Ni kanuni."

"Leta hicho kitabu." Akakishika, akakisogeza mbali na macho, akanipa mimi. "Wewe soma. Wewe ni mkubwa."

Kilikuwa Kiingereza, herufi ndogo, na mimi ni mtu wa darasa la saba. Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno, na hakuna aliyenicheka. Kitabu kilisema kiumbe kisichoweza kumwona hakigeuki jiwe. Nililisoma mara mbili, kisha nikalisema kwa Kiswahili.

Askari kumi na watano wasio na vichwa walimzunguka yule mwanamke, na dadu ikamtoa. Bila yeye upande wa Mjomba ulisambaratika. Alitazama meza muda mrefu, kama anatafuta kifuniko kilichoanguka.

Halafu akainuka, akakung'uta magoti. "Mchezo ni mchezo. Fungeni nguo, basi linaondoka saa nane."

"Kaa chini," alisema Ayeyo.

"Mama, huo ni mchezo wa watoto."

"Wewe ni mtoto?"

Mjomba aliutazama mfuko wake.

"Mwanaume akisema sawa mbele ya shahidi, amejifunga. Kwetu ngamia mia imetoka kwa neno ndogo kuliko hiyo. Hawa wananiita ayeyo, mimi nawaita ayeyo. Wewe umeshindwa na mtoto ya dada yako, si na adui. Kunywa chai."

Alikunywa chai. Alikunywa vikombe viwili, akaukunja ule mfuko mpaka ukaingia mfukoni mwa koti. Akasema, "Hadi muhula ujao. Nitarudi, na hao farasi wenye nundu nitawatumia vizuri zaidi." Alirudi kila likizo kwa miaka. Mfuko sikuuona tena.

Jioni ile, baada ya kumsindikiza, nilimwambia Mumbua kwamba angeweza kunisema na hakunisema, kwa hiyo aseme anachonidai.

"Vichwa thelathini na vinane," alisema papo hapo. Alikuwa amekwisha kuhesabu.

"Thelathini na sita."

"Mbwa ana vitatu, Dada."

"Sawa," nilisema, vile watu wakubwa wanavyosema.

Kutoka mkekani, bila kufungua macho, Ayeyo akasema, "Mimi nasikia."

Leo Mumbua anafanya kazi katika ofisi za kaunti huko Wajir, na jeshi lake liko kwangu, juu ya kabati. Vichwa vipya navichonga kwa ile gundi ya kukanda ambayo mafundi bomba huzibia matundu; inakauka haraka na kuniunguza vidole. Kila nikimaliza kimoja nakipiga picha na kumtumia. Hanionei huruma hata kidogo. Hiki kikubwa. Hiki kinafanana na Kioko akiwa na mafua. Nimechonga ishirini na kadhaa, amekubali saba. Mwezi uliopita nilimtumia kichwa cha kwanza cha mbwa, kazi ya siku tatu. Akaandika kwamba kile ni kichwa cha mbuzi.

Tulimzika Ayeyo Habiba mwaka jana, kifua chake kilipokataa kabisa. Siku hiyo, tukiwa tumesimama nyuma na wanawake wengine, Mumbua aliniinamia akaninong'oneza kwamba nisidhani kwa kuwa shahidi ameondoka basi deni limekwisha. Nikamwambia anyamaze. Niliporudi nyumbani nikavua viatu, nikakanda gundi.

Vimebaki thelathini na kimoja.